Kabla ya plagini nyingine, shika mito ya hedifoni yako

Mwaka jana nilinunua plagini, yaani programu ndogo inayoongezwa ndani ya programu ya kurekodia muziki, yenye kitufe kimoja kikubwa katikati ya skrini, cha mviringo, chenye taa ya dhahabu. Muuzaji aliahidi kwamba ukikizungusha kulia, wimbo uliorekodiwa chumbani unajaa, unang'aa, unasikika kama umetoka studio kubwa. Nikakizungusha. Sauti ikapanda, nikatabasamu, nikamtumia binamu yangu ambaye ndiye aliyeimba. Akaupiga kwenye gari la shemeji. Jibu likaja kwa ujumbe wa sauti wa sekunde nne: "Dada, mbona naimba nikiwa ndani ya ndoo?"

Nikaenda tukakaa garini wote wawili. Kila kiki, ile ngoma nzito ya mguu, ilipopiga milango ilitetemeka, na sauti ya binamu ilikuwa inazama na kuibuka kama mtu anayejifunza kuogelea. Tukaupiga kwenye simu. Huko hali ikawa kinyume kabisa: besi hakuna, na kilichobaki chembamba kama uzi. Wimbo mmoja, magonjwa mawili.

Nikafanya wanachofanya wengi wetu, nikanunua tena. Plagini ya kupanua stereo, kisha nyingine ya kuipa besi uzito, zote zikiwa na punguzo linaloisha usiku wa leo. (Ile saa ya kuhesabu muda uliobaki ikifika sifuri, fungua ukurasa upya uone inavyoanza tena. Nimeijaribu mara nne.) Wimbo ukazidi kuharibika. Siku niliyogundua ugonjwa nilikuwa nimevua miwani ili nifute jasho, hedifoni zikiwa bado kichwani, na ghafla besi ikanijaa masikioni kama vile mtu kafungua mlango wa ukumbi wa harusi. Nikavaa miwani, besi ikaondoka. Nikavua, ikarudi.

Miezi yote ile nilikuwa namiksi muziki, yaani nazipanga sauti zote ziwe wimbo mmoja, kupitia upenyo mwembamba kama njiti ya kiberiti.

Huu ni mwongozo wa kununua hedifoni, basi, hata kama ulikuja hapa ukitafuta plagini ya kujaza wimbo. Na nitazipanga kwa kitu ambacho watu wengi hawakiulizi dukani: mto. Ule mviringo laini unaogusa kichwa chako. Umetengenezwa kwa nini, unaziba vipi mtu akiwa na miwani au misuko minene, unachakaa vipi, na ukichakaa utapata mwingine wapi.

Kwanza nieleze kwa nini, maana najua kuna anayesema huyu dada kachanganyikiwa, mto na wimbo kujaa vinahusianaje.

Hedifoni ya kufunika sikio inasukuma hewa kidogo tu ndani ya kijichumba kilichozibwa baina ya diski yake ya kutoa sauti na ngoma ya sikio lako. Masafa ya chini, yaani kiki na gitaa la besi, yanategemea kuzibwa huko ili shinikizo lijengeke. Weka upenyo kwenye panja, pale mkono wa miwani unapoinua mto, na shinikizo linavuja. Masafa ya juu hayajali sana, yanakufikia kama kawaida. Kwa hiyo unachosikia ni wimbo wenye matoazi mazuri na besi haba. Utafanya nini? Utaongeza besi. Mimi nilikuwa nimeongeza desibeli 5 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwenye hezi 60 (kipimo cha masafa, namba ndogo ndiyo besi), na juu yake nikaweka ile plagini ya uzito.

Sasa masikio yako hayazisikii hizo desibeli 5, lakini faili inazo. Mwishoni mwa mnyororo wako wa plagini kuna limita, kizuizi kisichoruhusu sauti ivuke kiwango ulichoweka, nayo haina masikio wala huruma. Inaona wimbi kubwa la kiki linakuja, inabana wimbo mzima ili lipite. Mwimbaji anabanwa pamoja na kiki. Ndiyo ile kuzama na kuibuka. Kwenye simu, ambayo spika yake ndogo haiwezi kutoa hezi 60 hata ukiibembeleza, msikilizaji anasikia matokeo ya kubanwa bila kusikia kilichosababisha. Anasikia wimbo mwembamba, uliochoka, mdogo.

Wimbo uliovimba si wimbo uliojaa. Prodyuza wa chumbani anaweza kukaa mwaka mzima akitibu wembamba kwa kuongeza uvimbe, na kila plagini anayonunua inamwongezea.

Kabla hujatoa hata senti, fanya jaribio hili na hedifoni ulizonazo. Chukua wimbo wa mtu mwingine unaoujua vizuri, wenye besi inayotembea, au tengeneza toni tupu ya hezi 50 kwenye programu yako. Sauti iwe ya kawaida. Vaa hedifoni jinsi unavyovaa siku zote, na miwani yako, na nywele zako, na hereni zako. Halafu bonyeza vikombe vyote viwili kwa viganja, taratibu, kuelekea kichwani. Kama ni hedifoni zenye mgongo wazi, bonyeza kwenye ukingo, usizibe wavu wa nyuma. Besi ikiongezeka kidogo sana, uko salama. Ikiruka, yaani ukasikia kitu ambacho hakikuwepo, basi kila uamuzi wa besi uliofanya kwenye hedifoni hizo una walakini.

Fanya tena bila miwani. Fanya tena baada ya kusogeza msuko uliolala chini ya mto. Mimi nilikaa na jaribio hili jioni nzima, nikamwita mama aje asikie, akasema anasikia ngoma tu.

Mengine yanayoandikwa kwenye kila mwongozo nitayaruka: uzito, rangi, kama inakunjwa, kama mkoba wake mzuri. Zote nitakazotaja zina sauti ya kutosha kufanyia kazi. Na ile namba ya masafa kwenye boksi usiisome. Sikio la binadamu kijana linasikia kuanzia takribani hezi 20 hadi 20,000. Boksi likikuambia hezi 5 hadi 35,000 bila kutaja limepungua desibeli ngapi huko pembeni, halijakuambia kitu. Nasema hivi nikijua kwamba hedifoni ninazozipenda kuliko zote ndizo zilizoandikwa namba hiyo hiyo.

Ya kwanza: Beyerdynamic DT 770 Pro

Nina upendeleo, siufichi. Beyerdynamic ni kampuni ya Ujerumani iliyoanza mwaka 1924, na wana tabia moja ambayo kwangu inafunika madhambi yao yote: karibu kila kipande cha hedifoni hizi kinauzwa peke yake. Mto unachomoka kwa kidole na mwingine unavalishwa. Sponji ya ndani inabadilishwa. Kitambaa cha utepe wa kichwani kinabadilishwa. Ni kama baiskeli ya babu, inarithiwa kipande kwa kipande.

Mito yake, kwenye toleo la omu 80 na lile la omu 250 (omu nitazieleza chini), ni ya mahameli ya kijivu, minene na mviringo mpana unaozunguka sikio lote bila kulilalia. Mahameli hupitisha hewa kidogo, ilhali ngozi ya bandia haipitishi kabisa, na mtu anaweza kudhani huo ni udhaifu. Lakini hedifoni hizi zimepangwa tangu mwanzo kwa mahameli. Uvujaji huo umeshahesabiwa kwenye sauti yake. Na kwa mvaa miwani, mto mnene na laini unaumeza mkono wa miwani badala ya kupanda juu yake. Kwenye jaribio la viganja, nikiwa na miwani yangu, besi yake inaongezeka kiasi kidogo ninachoweza kukizoea. Mgongo umefungwa, kwa hiyo unaweza kuzitumia pia wakati wa kurekodi bila biti kuvuja na kuingia kwenye maiki ya mwimbaji. Mtu mwenye uwezo wa kununua jozi moja tu hapaswi kusahau hilo.

Madhambi yake sasa. Waya umeshonwa humo humo, hauchomoki. Ukikanyagwa na kiti, ni kazi ya kuchomelea. Kwenye omu 80 una urefu wa mita 3, unazunguka chumba kama nyoka. Na kuna mwinuko kwenye masafa ya juu, karibu na hezi 8,000, ambao unafanya "s" na "sh" za mwimbaji zichome. Ukiuamini utapunguza ung'avu mpaka wimbo uwe kama umefunikwa blanketi. Dawa yake ni kusikiliza nyimbo za watu wengine humo kwa wiki nzima kabla hujagusa ikwalaiza (chombo cha kuongeza au kupunguza masafa fulani), ili sikio lijue kwamba hata nyimbo nzuri zinachoma kidogo humo. Kama waya unakukera kuliko vyote, kuna DT 700 Pro X ya mwaka 2021, ya omu 48, ambayo waya wake unachomoka na mito yake bado ni mahameli. Ningekuwa naanza leo na pesa inaruhusu, ningeangalia hiyo kwanza. Sianzi leo.

Omu ngapi? Watu wananiuliza hili zaidi ya mengine, na wauzaji wamelifanya kama cheo, eti 250 ni za wakubwa. Omu ni ukinzani. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo hedifoni inavyohitaji volti nyingi ili ifike sauti ile ile. Omu 250 kwenye simu au kompyuta mpakato ya kawaida itasikika kwa mbali, utapandisha mpaka mwisho, na bado utahisi wimbo hauna nguvu, kisha utarudi kwenye hadithi yetu ya kuongeza besi. Ukiwa na intafesi ya sauti, kile kisanduku kinachounganisha maiki na hedifoni na kompyuta, yenye amplifaya nzuri ya hedifoni, 250 ni sawa. Kama huna uhakika, chukua 80.

Ya pili: Sennheiser HD 600

Kama kazi yako ni kumiksi tu na hurekodi sauti humo chumbani, hizi zingepanda juu. Zimetoka mwaka 1997 na bado zinatengenezwa. Mgongo wake uko wazi, yaani sauti inatoka nje na kelele za nje zinaingia. Aliyekaa kando yako atausikia wimbo wako kabla haujaisha. Lakini hapo katikati, kwenye masafa ambako sauti ya mwimbaji inaishi, sijui hedifoni nyingine ya daraja hili inayosema kweli hivyo. Ukisikia sauti ya mwimbaji imejificha nyuma ya kinanda kwenye HD 600, imejificha kweli.

Mito ni ya mahameli, ina umbo la yai, inabadilishwa kwa dakika moja, na waya unachomoka. Zikiwa mpya zinabana kichwa kama koleo, na kubana huko ndiko kunakosaidia mto ukae sawa juu ya miwani, ingawa panja zitalalamika siku za kwanza. Kwa nini basi ni za pili? Besi ya chini kabisa, ile ya hezi 40 kwenda chini, inafifia, na hakuna mto utakaoiokoa, ndivyo zilivyoumbwa. Tena ni omu 300, zinataka amplifaya. Mtengeneza biti zenye besi za kuchimba ardhi atabaki anakisia.

Ya tatu na ya nne, kwa pamoja

Audio-Technica ATH-M50x na Sony MDR-7506 ndizo utakazoziona kwenye picha nyingi za studio za nyumbani, na si bure. Za Sony zimekuwepo tangu mwaka 1991, nyepesi, omu 63, hazihitaji nguvu nyingi, na zinafichua mkwaruzo mdogo au pumzi ya mwimbaji ambayo ulikuwa umeisahau. Za Audio-Technica ni omu 38, zinakuja na nyaya tatu zinazochomoka, na zina besi iliyonyanyuliwa kidogo ambayo watu wanaifurahia siku ya kwanza na kupambana nayo kuanzia siku ya pili. Ndugu yake M40x ana besi iliyotulia zaidi, na kwa kumiksi ningemchagua yeye.

Shida yangu nazo unaijua. Mito yote ni ya ngozi ya bandia. Kichwa kikiwa kitupu inaziba vizuri sana, pengine kuliko mahameli. Ndiyo maana ukipita mkono wa miwani tofauti inakuwa kubwa: kitu kinachoziba kikamilifu kina mengi zaidi ya kupoteza kikitobolewa. Mito ya Sony ni myembamba, na mwembamba hauna pa kuumeza mkono wa miwani. Halafu ngozi ya bandia, ya kampuni yoyote ile, ina siku zake. Jasho na joto vinaichunua, inaanza kuacha magamba meusi shingoni, sponji inabonyea, diski inasogea karibu na sikio na sauti yote inahama. Hili hutokea polepole kiasi kwamba hutajua lini ulianza kumiksi vibaya.

Kama huvai miwani na nywele zako ni fupi, hizi mbili zinapanda juu ya orodha yako na mimi nitanyamaza. Nunua na jozi ya pili ya mito siku hiyo hiyo.

Hapo karibu kuna AKG K240 Studio, mgongo nusu wazi, omu 55, waya unachomoka, utepe unaojirekebisha wenyewe. Ni hedifoni ya heshima ambayo besi yake inavuja hata kwa mtu asiye na miwani. Nimeitaja kwa sababu nitaulizwa.

Za bei ya chini: Samson SR850 na Superlux HD 681 zote zinasikika kuliko bei yake, hasa katikati. Mito yake ndiyo sehemu iliyobanwa bajeti. Ukiwa nazo, jaribio la viganja ulifanye kila mwezi.

Na mito ya kubandika kutoka kwa watengenezaji wengine? Hapa nina kisa. Ya kwangu ilipobonyea nilimwendea muuzaji ambaye alikuwa ameniuzia hedifoni zenyewe. Hana mito. Hajawahi kuwa nayo. Akaniangalia kama nimemwomba aniuzie magurudumu ya sanduku la nguo. "Dada, hii ikichoka unanunua nyingine." Baadaye akapata jozi ya ngozi ya bandia isiyo na jina, akaniapia ni sawa tu, mto ni mto. Nikaiweka. Besi ikafura, sauti za kike zikarudi nyuma, nikadhani intafesi imeharibika. Mto si mapambo. Unene wake unaamua umbali wa diski na sikio, kitambaa chake kinaamua hewa gani itoke, na ukiubadilisha umebadilisha hedifoni. Tafuta wa kampuni ile ile, namba ile ile ya modeli. Kama haupatikani popote unapoweza kuagiza, hiyo ni sababu tosha ya kutonunua hedifoni yenyewe, hata wakikupa na mkoba.

Kinachoniudhi ni kwamba wauzaji hawa hawa wananyunyizia neno "studio" kwenye kila boksi kama chumvi. Hedifoni ya bluetuthi yenye kitufe cha kuongeza besi, studio. Kitu chenye taa za rangi saba pembeni, studio. Ukiuliza mto wake unabadilishwaje, kimya. Na mimi sidhani ni bahati mbaya kwamba kitu kinachochakaa kwanza ndicho kisichouzwa.

Sasa umepata hedifoni inayoziba. Wimbo haujajaa bado, umeanza tu kuonekana ulivyo. Mimi niliporudi kwenye mradi wa binamu, nilichofanya kwanza ni kuondoa. Zile desibeli 5 za hezi 60, nje. Plagini ya uzito, nje. Kila kitu kisicho kiki wala besi nikakikata masafa ya chini: gitaa, kinanda, sauti za kuitikia. Kati ya hezi 200 na 500 kulikuwa na tope, vyombo vinne vimekaa kiti kimoja, nikavipunguza kimoja kimoja mpaka kila kimoja kikaonekana. Limita ikaacha kuhangaika. Wimbo ukawa na sauti kubwa zaidi bila mimi kuongeza chochote, na sauti ya binamu ikasimama wima.

Kujaa kwenyewe kulitoka kwa binamu. Nikamwita aimbe kiitikio mara mbili zaidi, kwa kweli, siyo kunakili. Nikaweka moja kushoto kabisa na nyingine kulia kabisa, chini kidogo ya ile ya katikati. Tofauti ndogo ndogo za pumzi na muda ndizo zinazofanya sikio lihisi upana, na hakuna plagini ya kupanua inayozipata kutoka kwa rekodi moja. Kwa besi nikatumia mkwaruzo mwepesi, ile plagini ya kupasua sauti kidogo iliyokuja na programu. Spika ya simu haiwezi kupiga hezi 50, lakini ukiipa hezi 100, 150 na 200 zinazotokana nazo, ubongo unaikamilisha hiyo 50 wenyewe. Msikilizaji wa simu anasikia besi ambayo haipo. Haya yote yalifanyika kwa ikwalaiza na kompresa (chombo cha kupunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo) zinazokuja bure ndani ya programu za kurekodia. FL Studio inazo, Reaper inazo, Logic Pro na GarageBand vile vile.

Na kile kitufe cha dhahabu? Nilikipima. Nilipokizungusha wimbo ulikuwa unapanda sauti, na sikio la binadamu likisikia kitu kimepanda linasema kimekuwa kizuri. Nilipoishusha sauti ya baada ilingane na ya kabla, zaidi ya nusu ya uzuri ikayeyuka. Spotify nayo kwa kawaida huzishusha nyimbo zenye kelele mpaka kama LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo mzima), kwa hiyo ile sauti kubwa uliyoinunua inashushwa mlangoni, na kubanwa kwake kunabaki.

Kuna atakayesema spika za studio zingemaliza mjadala wote wa miwani. Zingemaliza, kwenye chumba kizuri. Wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7. Kwenye chumba chenye upana wa mita 3, besi inajikunja na kugongana na nafsi yake. Ukisogeza kiti nusu mita, noti moja ya besi inapotea na nyingine inanguruma. Zile sponji nyembamba za ukutani zinazouzwa kwa pakiti zinapunguza mwangwi wa makofi, besi inapita humo kama haijaziona. Spika utanunua baadaye, ukishakuwa na pa kuziweka.

Jambo la sauti ngapi usikilize nalo linarudi kwenye mto. Tangu utafiti wa Fletcher na Munson wa mwaka 1933 inajulikana kwamba tukisikiliza kwa sauti ya chini, sikio linapoteza besi kwanza. Hedifoni inayovuja inakufanya upandishe sauti ili uipate hiyo besi, na ukipandisha unachopata zaidi ni masafa ya juu, yanayochosha. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Prodyuza mwenye mto mbovu anakipita bila kujua. Mimi nimeweka alama ya kalamu kwenye kitufe cha sauti cha intafesi, na sikivuki.

Ukienda kununua, vaa miwani unayofanyia kazi, siyo ya kutokea. Usisuke nywele mpya siku hiyo. Beba wimbo wako mmoja unaoujua hadi pumzi zake na waya wa kuuchezea, maana wimbo wa dukani umechaguliwa uipendeze hedifoni. Bonyeza viganja. Chomoa mto mbele ya muuzaji, umrudishie, na umwulize wa akiba uko wapi.

Hedifoni zinazonunuliwa kwa kuagiza huwezi kuzibonyeza kabla, kwa hiyo angalia kama zinarudishika baada ya kufungua boksi. Wengine wanakataa wakisema ni usafi, jambo ambalo nalielewa, ila lisiandikwe kwa herufi za kusomea darubini.

Mito yangu mipya ya mahameli nimeiagiza na haijafika. Hii ya sasa imebonyea upande wa kushoto, kwa hiyo namiksi bila miwani, pua karibu iguse skrini, na binamu anasema nikimaliza toleo la saba tutaenda tena garini kwa shemeji.